Shati la Kijivu

Mume wangu alipofariki, wifi yangu na ndugu zake waligawana nguo zake zote, mpaka soksi. Shati moja tu liliwaponyoka, kwa sababu lilikuwa ndani ya kizimba cha Kijivu, panya wake wa kufuga, na hakuna aliyethubutu kutia mkono humo. Shati lake la karakana ya useremala, halijafuliwa, linanuka vanishi na jasho lake. Kijivu alililalia, mimi nikilinusa. Nilibakiwa na hilo tu.

Kisha wifi akafukuzwa kwenye nyumba aliyopanga, akatua mlangoni kwangu na sanduku na panya wawili wadogo, madume kama Kijivu.

"Wifi, Kijivu mpweke. Nimemletea wenzake."

Utadhani ni yeye aliyekuwa ananipa hifadhi.

Panya hawakutanishwi hivi hivi; mwenyeji humrarua mgeni. Marehemu alinifundisha: kila mmoja kizimbani kwake kwanza, wabadilishiwe vitambaa vya kulalia hadi wazoeane harufu, ndipo uwaweke pamoja mahali pasipo pa yeyote. Niliwakagua wale wadogo. Manyoya yalikuwa yaking'aa.

"Nimewapaka mafuta ya watoto," wifi akasema, "wapendeze."

Nikachukua kitambaa chao, nikakitandika juu ya shati kizimbani kwa Kijivu.

Haikupita muda Kijivu akaanza kujikuna, kujikuna mpaka damu. Shingo ikajaa vigaga. Nikawabeba wote watatu hadi kwa daktari wa mifugo. Akapangua manyoya ya wadogo kwa kidole.

"Utitiri. Hawa wanao siku nyingi, mafuta yameficha tu. Watatu wote watatiwa dawa leo, na kila kitambaa cha kizimbani kichemshwe."

"Hata shati?"

"Hasa shati, mama."

Nyumbani nilimgeukia wifi. "Ulijua?"

"Ningekwambia, ungenifungulia?"

Nisingemfungulia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikabandika sufuria kubwa jikoni, nikatumbukiza shati, nikasimama pale nikivuta ule mvuke wenye vanishi mpaka ukabaki mvuke mtupu. Nililia kwa hasira, wala sikujificha.

Vigaga vilipokauka na daktari akaturuhusu, tuliwakutanisha kwenye sakafu ya bafu. Kijivu alivimbisha manyoya, akawasukuma wadogo kwa ubavu, akampindua mmoja chali. Kisha akaanza kumlamba shingo. Nilikuwa nimelitandika shati pembeni, limenyooka, linanuka sabuni. Kijivu akalisogelea, akanusa kola, akanusa kwapa. Akaliacha. Akarudi kujipenyeza katikati ya wale wawili, akafumba macho.

Wifi akapiga makofi. "Umeona? Wamezoeana!"

Nikaliokota shati, nikalikunja vizuri, nikamwekea mikononi.

"Chukua," nikamwambia. "Hili mlilisahau."