Karipio la Ayubu

Mfasiri alikuwa amekwama ukurasa wa tisini wa riwaya ya Kiingereza, kwenye neno "jobation". Hakuwahi kuliona. Alifungua kamusi kubwa, akasoma: karipio refu lenye kuchosha. Asili yake ni Ayubu, yule wa kwenye Biblia, aliyefilisika na kufiwa na wanawe; rafiki zake wakaja kumfariji, wakaishia kumsema.

Aliandika "karipio", akafuta. Akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Jana tu alikuwa kwa mdogo wake, seremala, ambaye karakana yake iliteketea wiki iliyopita. Alikwenda kumpa pole, lakini akampa vidonge vyake kwa saa nzima. Gundi iliwekwaje karibu na jiko? Kwa nini maranda hayakufagiliwa? Mdogo wake alikuwa akitazama vidole vyake tu.

Kazi haikwenda. Alifunga kompyuta, akatoka.

Alimkuta mdogo wake akiokota misumari kwenye majivu.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa, "kuna ulilosahau kunisema jana?"

"Hapana. Nimekuja kuokota misumari."

Alichuchumaa kando yake. Walifanya kazi kimya, iliyopinda wakiitupa, iliyonyooka wakiitia koponi. Ulimi ulikuwa ukimwasha. Mara kadhaa alifungua mdomo, akaufumba.

"Ile gundi," mdogo wake alisema mwishowe, "niliiacha mwenyewe."

"Pole, mdogo wangu," alimjibu, na hakuongeza neno.