Kilichofunikwa kwa Kitambaa

Efrazia alimwaga mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akausawazisha kwa kiganja, akaiinjika juu ya jiko la mkaa. Mchanga ukipata moto sawasawa, keki haiungui chini. Kisha alivunja mayai, akapima sukari kwa kikombe kilichokatika mkono, akaegemeza kitabu cha Baiolojia kwenye ndoo ya unga. Ukungu ulikuwa umeikalia Mlalo tangu asubuhi. Kutoka dirisha la jiko halikuonekana kanisa wala soko, ila kamba ya kuanikia nguo tu. Alikoroga huku akisoma kwa sauti ndogo. Alisoma habari za figo. Keki ilipoiva, alikuwa hakumbuki tena figo inafanya kazi gani.

Hali hiyo ilikuwa imezoeleka pale nyumbani. Ilianza mwaka aliofanya mtihani wa kidato cha nne kwa mara ya kwanza. Kila alipokaa na kitabu mikono ikiwa mitupu, kifua kilimbana na maneno yakabaki kwenye karatasi. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza mapigo ya moyo, akamwambia hana ugonjwa, ila aishughulishe mikono. Efrazia alichukua kroshia na uzi, siku nyingine unga na mayai. Pumzi ilirudi. Maneno nayo yaliingia, tena kwa urahisi, lakini hayakukaa. Yaliteremka mabegani, yakapita mikononi kama maji ya mfereji yanavyopita kwenye matuta, yakaingia katika kile alichokuwa akikitengeneza.

Yaliyoingia kwenye keki yalihamia kwa aliyeila, na huko yalikaa. Yaliyoingia kwenye vitambaa yaliazimwa tu. Mgeni aliyeegemeza kisogo kwenye kitambaa cha kochi aliweza kueleza vizuri chanzo cha vita kuu ya kwanza, na alipoinuka kuaga hakukumbuka kitu.

Jirani yao Mwajuma, aliyelima karoti na kabichi bondeni, ndiye aliyelisema kwanza. Alikuja na kapu lake, akasimama mlangoni pa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile keki ya Idi uliisomea nini?"

"Fizikia, mama. Habari za joto."

"Nilijua! Mzee wangu kauliza kwa nini sufuria yangu nyeusi hivi. Nikamweleza jinsi rangi nyeusi inavyonyonya joto, kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho. Mimi, niliyeishia darasa la nne! Mzee kachukua kofia yake kaondoka, adhana bado kabisa."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Tangu siku hiyo sufuria haiulizwi." Mwajuma alicheka, kisha akamtazama. "Na wewe unayakumbuka, hayo ya joto?"

"Hapana."

"Basi pole wewe," alisema Mwajuma, akaagiza keki ya harusi ya mdogo wake.

Mwaka huo Efrazia alipata sifuri. Mwaka uliofuata alijaribu njia nyingine. Alifuma kitambaa kikubwa huku akisoma masomo yote, akajifunga kichwani siku ya mtihani. Msimamizi, mtu mpole, alimwomba akiache nje pamoja na mabegi, kwa sababu kanuni zilikataza kuingia na kitu chenye maandishi au maarifa. Efrazia alikikunja, akakiweka juu ya begi la mtu, akaingia. Sifuri ilikuja tena.

Alitaka kwenda chuo cha uuguzi. Chuo kilidai ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Masomo mengine hakuyajali sana.

Mama yake aliitwa Mama Heri, ingawa Efrazia ndiye aliyezaliwa kwanza. Hakuwa mama mkali. Kila mwaka alimwandikisha binti yake kwenye mtihani mapema kuliko watu wote, kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hakuwahi kuilalamikia ada. Alikuwa ameona kwamba msimu ambao Efrazia hakuwa na mtihani mbele yake hakusoma, na keki zikawa keki tu. Wateja walizirudisha.

"Hii haina kitu ndani," walisema.

Keki zenye kitu ndani ndizo zilizomweka Heri, mdogo wake Efrazia, shule ya bweni. Mwaka Efrazia aliporudia tena, Heri naye alikuwa kidato cha nne.

Mwezi wa nane Efrazia alipata wazo, naye hakumwambia mtu. Alikoroga unga na maji vuguvugu ndani ya chungu kidogo, akauacha nyuma ya jiko mpaka ukaanza kutoa mapovu. Hiyo ilikuwa chachu. Chachu hulishwa: kila asubuhi unaiongezea unga kidogo na maji, unaikanda, unaifunika. Efrazia aliilisha akisoma Baiolojia, Kemia na Fizikia, sura kwa sura, bila kuruka. Keki za wateja alizisomea Historia na Uraia. Wateja waliridhika. Katika harusi moja kule Malindi, kijiji cha jirani, bibi harusi alipoulizwa kama amekubali, alitaja kwanza mihimili ya dola, kisha akakubali.

Chachu ilikua. Ilihamia kwenye sufuria, kisha kwenye ndoo. Asubuhi za baridi ilitoa mvuke, na aliyeinamia ndoo alisikia harufu ya maabara. Mama Heri aliinamia mara moja.

"Hii ni oda ya nani?" aliuliza.

"Bado, mama."

Mama Heri alirudisha kifuniko. Hakuna oda iliyokuwa ikiitwa bado, lakini aliiacha.

Jumamosi kabla ya mtihani, Efrazia aliamka akaoka. Alitumia chachu yote. Waokaji hubakiza kijiko kimoja cha kuanzia tena. Yeye hakubakiza, kwa sababu hakutaka kuacha mada hata moja nyuma. Aliongeza mayai, siagi, sukari na ganda la limau lililokunwa. Alikanda mpaka viwiko vikauma, akaweka mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Mkate ulipanda ukausukuma mfuniko, makaa mawili yakaanguka sakafuni. Alipoutoa ulikuwa wa rangi ya asali, mzito kuliko ukubwa wake. Aliuweka juu ya meza upoe. Alipanga kuula Jumatatu alfajiri, wote, akisindikizia na chai ya rangi, halafu atembee mpaka kwenye kituo cha mtihani bila kushika kitu chochote mkononi.

Kisha akafanya kosa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za pale, chakula cha wenyeji kilifunikwa kwa sahani au sufuria. Kilichofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa kilikuwa cha mgeni, na mtoto wa nyumbani hakukigusa hata akiwa na njaa. Efrazia alikuwa amezoea kuzifunika keki za watu. Mkono wake wenyewe ulienda kwenye kabati, ukachukua kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, ukaufunika mkate. Akachukua ndoo ya maji, akaenda bombani.

Bombani kulikuwa na foleni. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta viatu vingi mlangoni. Mchungaji Sefania alikuwa amekuja na wazee wawili wa kanisa kumwombea Heri, ambaye shule ilimruhusu kurudi nyumbani siku mbili. Heri alikuwa amekaa kwenye kochi katikati yao, magoti yamebanwa, shati limepigwa pasi. Mbele yao palikuwa na sahani na kitambaa kilichokunjwa vizuri mara nne.

"Shikamooni," alisema Efrazia, ndoo ingali kichwani.

"Marahaba, binti yetu," alijibu Mchungaji Sefania. "Mikono yako imebarikiwa. Nimekula kipande kimoja tu, na sasa naona kabisa jinsi elementi zilivyopangwa. Ni mpango mzuri sana. Jumapili nitauhubiri."

"Heri kala vitatu," alisema mzee mmoja. "Kijana ana hamu!"

"Huyo bwenini anakula maharage yenye wadudu," alisema mzee wa pili, "mwache ale. Ongeza, bwana mdogo, usione haya, mchungaji hahesabu."

Wote walicheka. Heri aliongeza. Alikula taratibu, na kila alipomeza uso wake ulitulia zaidi, kama mtu anayewashiwa taa chumba baada ya chumba.

Mama Heri alimfuata Efrazia jikoni kuchukua birika.

"Mama, ule mkate."

"Nimeukuta umefunikwa kwa kitambaa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa wa mgeni gani? Niambie nimwombe radhi, tutamwokea mwingine."

Efrazia alitua ndoo. Maji yalimwagika kidogo kwenye vidole vya miguu. Alitafuta neno la kujibu. Nyumbani kwao kilichopikwa kilikuwa cha Heri, cha wageni, cha wateja, cha kanisa. Hakuwahi kumsikia mwanamke wa nyumba ile akisema kitu ni changu, na alipofungua kinywa aliona hajui kinavyosemwa.

"Hakuna mgeni," alisema.

"Basi hakuna ubaya," alisema Mama Heri. Alisimama kidogo na birika mkononi. Alimtazama binti yake, akaitazama ndoo tupu ya chachu nyuma ya jiko, akaitazama muda wa kutosha kuelewa. "Chai inapoa," alisema, akatoka.

Wageni walipoondoka Efrazia alikwangua sufuria kwa kijiko. Chini palikuwa na ganda lililoshika, pana kama kiganja. Alilila amesimama. Ilikuwa sehemu ya mzunguko wa damu, kuanzia moyoni hadi kwenye mapafu, bila safari ya kurudi.

Jumatatu alienda kwenye mtihani. Watahiniwa wa kujitegemea walikaa nyuma ya wanafunzi wa shule. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, mitupu, na kifua kikambana. Katika karatasi ya Baiolojia alipeleka damu kwenye mapafu, vizuri, kwa mpangilio, akaiacha huko. Nyingine zote alizirudisha nyeupe. Saa iliyokuwa ukutani iliendelea kupiga hata msimamizi alipotangaza muda umekwisha.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Heri alipata daraja la kwanza. Efrazia alipata sifuri, ila Baiolojia ilipanda kidogo, jambo ambalo Mama Heri alilitaja mbele ya watu kwa nia njema.

"Dada," alisema Heri siku hiyo, akiwa amesimama mlangoni pa jiko, mahali pa Mwajuma. "Ule mkate."

"Ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa mtamu." Alikwaruza fremu ya mlango kwa kucha. "Ninge— sikujua."

"Ulijua kipande cha ngapi?"

Heri alifikiri. Alikuwa mkweli, na sasa alikuwa na akili nyingi za kufikiria nazo.

"Cha pili," alisema.

Efrazia alitikisa kichwa kukubali, akamwomba amletee mkaa.

Kabla Heri hajaenda kidato cha tano ilifanyika sherehe ya kumuaga. Mama Heri aliagiza keki kubwa ya tabaka mbili, iandikwe Hongera Heri kwa rangi ya buluu. Efrazia alimwaga mchanga, akausawazisha. Alivunja mayai. Hakuegemeza kitabu chochote kwenye ndoo ya unga, kwa sababu mtihani ulikuwa umepita na mwingine ulikuwa mbali. Alikoroga kimya. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuteremka, kiliteremka kilichokuwamo.

Wageni walikula uani, chini ya turubai, ukungu ukipita miguuni. Mwajuma alikuwapo, wazee wa kanisa walikuwapo. Vipande vilipofika vinywani maongezi yalikoma. Mchungaji Sefania aliweka uma chini. Mwajuma alishika kifua. Kila mmoja alikuwa amekaa nyuma ya chumba cha mtihani, karatasi nyeupe mbele yake, akiisikia saa. Kila mmoja alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, akiangalia watu wakila. Hawakuonyeshwa kwa mbali. Walilijua jambo lile kama mtu anavyokijua kitanda chake, na walijua pia kwamba wao ndio waliokuwa kwenye makochi. Heri alikitazama kipande chake, akakimaliza.

Mama Heri alitafuna polepole mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa upande wa khanga.

"Hii ina kitu ndani," alisema.

"Ina kitu," walikubali wazee.

"Jamani," alisema Mwajuma, kwa sauti ya chini. "Mtoto huyu."

Kisha mtu mmoja akauliza kama chai imebaki, birika likapita, na mzee wa kwanza akaulizia bei, maana alikuwa na kipaimara cha mjukuu wake baada ya Pasaka.

"Ila hiyo iwe ya Jiografia," alisema. "Hii ni nzito kidogo kwa watoto."

Mama Heri aliingia jikoni na sahani yenye kipande kilichobaki. Efrazia alikuwa akipepeta mchanga, kuutoa makaa.

"Wewe hujala," alisema mama yake.

"Hicho nakijua, mama."

Mama Heri alisimama na sahani. Alionekana kama mtu anayetafuta neno.

"Nimeshakuandikisha tena," alisema hatimaye. "Mapema, kabla foleni haijawa ndefu."

"Asante, mama."

Mama Heri alifungua kabati, akachukua kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, akakifunika kile kipande, pengine angetokea mgeni.