Miche Juu ya Gunia

Miche ya maharage ilikuwa imelazwa juu ya gunia lililoloweshwa maji, mizizi upande mmoja, majani upande mwingine, kama watoto wa mama mmoja kitandani. Mkaguzi wa serikali aliitazama, kisha akamtazama mume wangu aliyechuchumaa kando yake, tope hadi magotini.

Mto ulikuwa umesomba mahindi yetu yote, ukaondoka na paa la nyumba, nasi tukabaki chini ya turubai. Redio ikasema mashamba yaliyoharibika yatalipwa. Wenzetu wakakaa kuwasubiri wakaguzi. Sisi tulipanda. Marehemu mama mkwe alinifunza kwamba tope la mafuriko halingoji mtu. Ukiliacha likauke bila mbegu, umelitukana. Hatukuwaza zaidi ya hapo. Tulipotangaziwa kwamba mkaguzi anafika kesho yake, shamba letu lilikuwa kijani hadi ukingoni.

Jioni ile wifi yangu, jirani yetu, alikuja akicheka.

"Wifi, hongereni. Mmepona kabla daktari hajafika."

Kisha akaketi, akashusha sauti. Mkaguzi huandika anachokiona, akasema, na kijani hakilipwi. Kung'oa ni kazi ya asubuhi moja. Bati la pesa za fidia ni la miaka. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Dada yake huyo ndiye aliyemlea, hakuzoea kumbishia. Mimi nami sikupinga. Nilikuwa nimechoka kuhamisha godoro kila wingu likitanda.

Kulipopambazuka mume wangu alitoka kwenda kung'oa, nami nikamtazama kutoka mlangoni. Alichimba taratibu kuzunguka mche, akauinua na udongo wake, akaulaza juu ya gunia, akaunyunyizia maji, akausogelea wa pili. Mikono iliyozoea kuhamisha miche haikujua namna nyingine ya kung'oa. Mkaguzi alimkuta hajamaliza hata mstari mmoja.

"Mzee, hii inakwenda wapi?"

Mume wangu akakuna kidevu. Uongo haukuwahi kumkaa mdomoni.

"Inarudi."

"Inarudi wapi?"

"Palepale."

Nilimpeleka mkaguzi hadi nyumbani, nikamwonyesha alama ya maji ukutani, juu kuliko kitambaa changu cha kichwa. Aliigusa kwa kidole.

"Nakuamini, mama. Lakini nimetumwa kulipia shamba lililokufa. Hili lenu linaota."

Hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuondoka alishika gunia upande mmoja, mume wangu akirudisha miche ardhini.

Wifi alilipwa, akaezeka upya. Alitusema kila mahali: kaka yake kashindwa hata kuharibu cha kwake mwenyewe. Tulicheka na waliocheka, maana ungefanyaje. Lakini mvua zilipoanza tena alikuja mwenyewe na mwavuli, akasema turubai letu linamtia aibu mbele ya watu, tukalale kwake. Alibeba godoro kichwani. Mimi nilibeba sufuria ya maharage.

Tulikula chini ya bati jipya, mvua ikilipiga hata mtu hasikii anachotafuna. Wifi alikula, akafuta sahani kwa kidole.

"Haya ndiyo ya ule mstari?"

"Yalishachanganyika," mume wangu akasema. "Hayajulikani tena."

Wifi akavuta sufuria, akajiongezea upawa mmoja. Halafu akamwongezea kaka yake.