Udongo Uliomgawa Elirehema

Nimechimba tangu jua lichomoze na sasa mikono haisikii tena mpini, basi nakaa, naegemeza mgongo kwenye jiwe, nafumba macho, na jiwe linanipisha. Linanipisha kama mtu anayesogea kwenye benchi, nami naingia. Sishtuki. Tangu mlima uporomoke na kumfunika mume wangu Elirehema, miezi saba sasa, hakuna kinachonishtua. Tulikata miti ya juu, yeye na mimi, tukapanda mahindi, mvua za masika zikaja na upande mzima wa mlima ukateremka naye akiwa shambani. Watu walichimba siku kumi na moja wakaacha. Mimi sikuacha. Nataka mifupa yake niizike, basi.

Huku ndani kuna barabara, na kila barabara inaishia kwenye barabara nyingine, nazifuata bila kuchagua, mpaka nafika mji uliojengwa mara mbili, juu na chini, nyumba za juu zina majani na za chini zina mizizi, na katikati yake ardhi nyembamba kama shuka. Za juu zikivuta pumzi, za chini zinaitoa. Mtu ananisubiri hapo. Hana uso, pale pa uso pana udongo laini uliosawazishwa kwa kiganja. Shikamoo, namwambia, maana sijui umri wake. Marahaba, mama, umefuata nini? Nimemfuata mume wangu. Yupi? Nina mume mmoja tu. Alikuja mmoja, anasema, akakaa wengi. Niambie, nani anakula bila kinywa na kushika bila mkono? Sijui, nasema, nimechoka. Basi twende, utamwona akila.

Tunatembea, na barabara inakuwa mto, mto unakuwa mvuke, mvuke unakuwa barabara tena. Mwenyeji wangu ananionyesha konokono na kusema, chokaa ya mguu wa mumeo imo kwenye gamba hili. Ananionyesha nyuzi nyeupe za uyoga zilizotambaa kutoka mzizi hadi mzizi, anasema, nyama yake ilipita humu, ikagawiwa miche. Na maji yake? nauliza. Yaliondoka mapema, yakapanda, yakanyesha ng'ambo ya mlima, mtu akayachota akapikia makande. Nasikiliza kama ninavyosikiliza matangazo ya mazishi ya watu nisiowajua. Kisha sauti ya Elirehema inatoka, si mahali pamoja, inatoka kwenye kokoto na kwenye majani. Namkunda, mke wangu, umekonda. Unakula? Nakula. Muongo wewe. Uliumia? namuuliza. Kidogo, ulikuwa uzito zaidi kuliko maumivu. Tulikata kilichokuwa kinashika udongo, Namkunda. Wewe ndiye uliyesema tukate, namwambia. Nilisema, na wewe ulishika upande wa pili wa msumeno. Ni kweli. Naona kwamba ni kweli kama ninavyoona jiwe kuwa jiwe, na halinichomi popote.

Yule asiye na uso ananipa kapu. Muite, anasema, kila kilichomchukua kitamrudisha, utaondoka naye mzima. Naita. Konokono anavua gamba lake na kuliweka kapuni, anabaki uchi, analowa. Uyoga unaachia nyuzi zake. Miche inafungua mizizi midogo iliyokuwa imeanza kukumbatia mawe, na kapu linazidi kuwa zito, naona umbo la bega lake, naona kidole chake kilichopinda, na ndipo punje ya udongo inapobingirika kutoka juu, kisha nyingine, kisha kokoto. Natazama juu. Juu kuna mteremko, na kwenye mteremko kuna nyumba za watu, moshi unatoka, na ya kwanza ni ya wifi yangu Nakijwa, dada yake Elirehema, yuko mlangoni anachambua maharage. Hii miche ndiyo inayoshika pale? nauliza. Elirehema, hii ndiyo wewe? Ni mimi kidogo, anasema, na mawe kidogo, na mvua. Kidole chake kimegusa changu. Nautazama tena mlango wa Nakijwa, kisha nainamisha kapu. Chukueni, nasema. Konokono anavaa. Mizizi inafunga. Kokoto zinatulia. Nangoja kulia na kilio hakiji, wala sauti yake hairudi.

Wifi, amka, mtu anasema, ananitikisa bega. Ni Nakijwa, anahema. Wifi, wamempata. Wapi? Korongo la chini, mvua ya jana imefukua. Wamepata mifupa ya miguu na mkanda wake, wanataka kumtoa kabla haijanyesha tena. Waambie wasiguse kitu mpaka nifike, nasema. Si ndicho ulichokitaka miezi yote hii? Ndicho. Nakijwa anaanza kulia kwa sauti, nami nataka kumuuliza analilia wapi, huku au kule, maana mume wangu nimemwacha sasa hivi mahali ambapo hana miguu wala mkanda, ila naona atadhani nimerukwa na akili. Namshika mkono, tunateremka. Ardhi ina joto la mchana. Kokoto inabingirika chini ya mguu wangu na nashtuka, kwa mara ya kwanza tangu masika, na sijui bado nimeishtukia dunia ipi.