Kizingiti cha Baba Nasreen

Uvumi ulianzia kwa wauza vitenge wa Kariakoo, na Mwanamkuu akashindwa kuutoa kichwani: kuna mtu anatembeza wageni kuwaonyesha nakshi za zamani, na kila nyumba anayoisifia, haupiti mwezi nakshi zake hazipo.

Kwa hiyo mtu aliyejiita Sadalla alipopiga hodi na wageni wawili, Mwanamkuu aliziba mlango kwa mwili wake.

"Umesimama kama askari wa benki, dada'ngu," Sadalla akacheka. "Mimi sili watu."

Wala hakuomba kuingia. Aliisoma aya iliyochongwa kwenye kizingiti cha juu bila kusita, kwa sauti ya msikitini. Akawaeleza wageni kwamba ua la pembeni ni lile lile lililoko kwenye mahekalu ya Wahindi kule mjini.

"Fundi huyu mkono wake mwepesi. Nani?"

"Mume wangu. Marehemu." Machozi yakamtoka. Miaka minane hakuna aliyemuuliza. Hata jina la binti yao, Nasreen, lilikuwa pale, limechongwa siku aliyozaliwa.

Wiki iliyofuata Sadalla alirudi peke yake. Akapitisha kidole juu ya ubao, akaonyesha unga wa mbao.

"Mchwa huyu. Maneno ya Mungu yanadondoka, mnayakanyaga. Dhambi ya nani?"

Mwanamkuu akanywea. Alijua msahafu uliochakaa hautupwi jalalani. Huzikwa, au hutoswa baharini. Sadalla akajitolea kukitosa kizingiti akivuka na pantoni, Magogoni.

"Basi twende wote."

"Ya nini? Kazi ya sitara haitaki shahidi."

Mwanamkuu akashika nyundo mwenyewe, akaanza kuking'oa. Nasreen, miaka kumi na minne, akamng'ang'ania mkono. "Mama, hicho ni cha baba!"

Mwanamkuu akamzaba kofi, na kizingiti kikaondoka na Sadalla.

Mwezi uliofuata mama na binti walipita mjini, mbele ya duka la vinyago. Kizingiti kilikuwa ndani, kimewekewa miguu, kimekuwa meza. Mgeni kaegesha viatu juu ya aya. Nasreen akaingia, akaligusa jina lake.

"Usiguse, binti," muuzaji akafoka. "Kimeshanunuliwa."

"Mninga mtupu," Sadalla alikuwa akiwaambia wageni, "hata tundu la mchwa hakuna." Alipowaona, hakushtuka. "Na huyu ndiye aliyeking'oa, kwa mkono wake. Watu wetu hawa, hawajui thamani ya vitu."

Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Waliuonea huruma ubao.

Tangu siku hiyo Nasreen hamwiti mama. Anamwita "wewe".

Wenye milango ya zamani, epukeni haya:

- Kumwamini mtu kwa sababu anasoma aya vizuri.
- Kung'oa kitu kwa kuonyeshwa unga kidoleni. Kagueni mbao wenyewe.
- Kukabidhi kitu kikatoswe bila kukiona kinazama.
- Kazi ya dini inayokataa shahidi.
- Kumpiga mtoto anayesema ni cha baba yake.