Jina Juu ya Kifuniko

Sanduku lilikuwa kazi ya Kanematsu, na mafundi wote wa Kyoto walijua. Miaka minne mzee wa watu alikaa chini akipachika dhahabu na fedha kwenye chuma, akichora ndege korongo mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yakamwisha. Aliposhindwa kuiona patasi, tajiri wake, Hirobe, mwenye karakana, alimpa gunia la mchele akamfukuza. Kabla theluji ya mwaka huo haijayeyuka, akafa.

Basi Hirobe huyo, ambaye nyundo huiona mikononi mwa wenzake tu, akamwita Ritsu, binti wa marehemu, fundi wa karakana hiyohiyo.

"Niandikie jina langu kwenye kifuniko," akamwambia. "Mkono wako ni wa baba yako mtupu. Waamuzi wa maonyesho watajuaje?"

Hana haya hata chembe, mtu yule. Ritsu akainamisha kichwa, akaitikia sawa bwana, na moyo unamchemka.

Kwa kawaida chuma huchanjwa kwanza mistari myembamba yenye kina, ndipo dhahabu ikigongwa ing'ang'anie. Ritsu akachanja juujuu, makusudi kabisa, akagonga jina la Hirobe likang'aa. Hirobe mwenyewe akashinda akilitazama kutwa nzima.

Siku ya maonyesho, waamuzi walikuwa wameshaanza kunong'onezana habari za medali. Hirobe, kwa kujishaua, akatoa kitambaa cha hariri akalisugua jina lake mbele yao. Likabanduka lote.

Mwamuzi mkuu akasema si neno, maadamu fundi mwenyewe, Hirobe, yupo, alirudishe papo hapo. Ritsu, aliyekuja amebeba vifaa, akampangia bwana wake patasi, nyundo na dhahabu, taratibu, bila haraka. Hirobe akaishika patasi juu chini. Watu wakatazamana. Jasho likamtiririka, nyundo ikamponyoka, na Ritsu akaona raha ambayo hakuwahi kuionja tangu amzike baba yake.

"Kumbe kazi hii ni ya nani?" mwamuzi akauliza.

Hirobe akamgeukia Ritsu. "Mwanangu, nisitiri," akamnong'oneza. "Nitakupa chochote."

"Ni ya baba yangu, Kanematsu," Ritsu akajibu, kila mtu akasikia. Kisha akaokota nyundo. "Nishikie sanduku, bwana, lisicheze."

Afanyeje? Hirobe akapiga magoti, akalishika kwa mikono miwili, ukumbi mzima ukimtazama. Ritsu akaanza kuchanja jina la baba yake, kwa kina, polepole kuliko alivyowahi kufanya kazi maishani mwake.