Siku Kumi za Kamanda

Miaka sita niliyolinda kambi ya wageni ya tajiri wangu Zachariah, kando ya ziwa, mbele kidogo ya Dunga, sikuelewa kwa nini mtu mwenye nyumba ya mawe mjini alipe pesa ili alale chini. Walikuja Jumamosi na mahema, sufuria na mbwa wao, wakaumwa na mbu mpaka asubuhi, kisha wakasema wamepumzika. Kazi yangu ilikuwa kufyeka nyasi, kuteka maji, na kuhakikisha mbwa wote wamefungwa, kwa sababu viboko hutoka ziwani kula nyasi na mbwa wa mjini hamjui kiboko ni nani. Mke wangu Dorca aliwapikia wageni samaki. Mimi niliwacheka kimoyomoyo tu, maana wao ndio waliotupa unga.

Aliyenichekesha kuliko wote ni Gichuki, mfanyabiashara aliyeuza misumari na mabati mjini Kisumu. Wazungu wengi waliokuwa na mtindo huo wa kulala nje walikuwa wamesharudi kwao, lakini yeye aliurithi mzima mzima: kofia pana, kiti cha kukunja, na mbwa mkubwa wa rangi ya udongo aliyeitwa Kamanda. Mkewe, Wahu, alikataa katakata kulala nje kama mchungaji. Kwa hiyo ndani ya hema walilala wawili, bwana na mbwa, na blanketi nzuri ilikuwa ya mbwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa 1971, Dorca alipita karibu na hema hilo akiwa amebeba karai la samaki wa ngege. Kamanda alikuwa amefungwa, ila kamba ilikuwa ndefu. Aliwarukia samaki, akawakosa, akaupata mkono. Meno mawili yaliingia kwenye kiganja, chini ya kidole gumba.

Nilitoka jikoni na panga. Sijisifu, mimi ni mtu wa hasira za karibu, na tangu tuoane Dorca hakuchoka kuniambia kwamba hasira ni hasara. Gichuki alisimama kati yangu na mbwa wake, mikono juu.

"Bwana Simiyu, ngoja! Iko kitu lazima niseme." Aliutazama mkono wa Dorca. "Wiki mbili zimepita tulikuwa kambi huko Sondu. Kamanda ilipigana na mbwa ya barabara. Na ile sindano ya chanjo... kila siku nilikuwa nasema kesho."

Nililiweka panga chini. Habari za Sondu tulizijua sote. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia huko, na fundi cherehani mmoja alikufa akipiga mayowe kila alipoletewa kikombe cha maji.

Kabla jua halijatua alifika Wabwire, msaidizi wa daktari wa mifugo, juu ya pikipiki yake. Aliuosha mkono wa Dorca kwa sabuni mpaka maji ya ndoo yakaisha, kisha akatuketisha.

"Baba Nelima, sikiza vizuri," aliniambia, maana binti yetu Nelima alikuwa kwa nyanya yake Bungoma na watu wa huku walituita kwa jina lake. "Dawa iko, lakini ni sindano ishirini na moja, kwa tumbo, na ni kali. Kuna watu wengine imewamalizia nguvu ya miguu. Hatuanzi bure. Hii mbwa ndio itatuambia. Ikikula na kunywa maji siku kumi, mama ako salama. Ikionyesha ugonjwa, tunaanza sindano siku hiyo hiyo. Sasa, mtu asiiguse. Ukiipiga hii mbwa, umempiga bibi yako."

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa mlinzi wa mbwa niliyetaka kumchinja.

Gichuki hakurudi mjini. Duka alimwachia Wahu, akamfunga Kamanda kwenye nguzo ya chuma mbele ya hema kwa mnyororo, akaketi kwenye kile kiti chake cha kukunja. Siku ya pili walikuja wavuvi watano na marungu.

"Simiyu, omera, hiyo guok, hiyo mbwa, imeuma mtu," alisema mkubwa wao. "Leta hapa sisi tumalize."

Walikuwa marafiki zangu, na kwetu sote mbwa aliyeuma mtu hangojwi. Nilisimama mbele ya mbwa nikawafukuza kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia. Waliondoka wakiona kwamba mwenye kichaa ni mimi.

Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Gichuki aliweka bakuli la ugali na bakuli la maji, akarudi nyuma. Dorca alisimama mlangoni kwetu, mkono umefungwa kitambaa, akimwangalia mbwa kama anavyoangaliwa hakimu. Kamanda akinusa, sote tulinusa. Akila, Gichuki alikata alama moja kwenye mti wa hema kwa kisu, na Dorca alirudi ndani. Sikulala vizuri hata mara moja. Nilikuwa naogopa, na woga wangu siku zote hutokea mlango wa hasira.

Siku ya saba Dorca aliamka na mafua. Nilimpa chai, akaisukuma.

"Koo linauma," alisema. "Hata maji sitaki."

Hata maji sitaki! Maneno hayo yalinipiga kichwani. Nilimwaza yule fundi wa Sondu. Jioni Gichuki alikuwa amekwenda mjini kwa saa mbili, Wahu akiwa amemwita dukani, wageni wengine walikuwa wamezikimbia habari za kichaa, nami nilikuwa peke yangu na mbwa. Nilimpelekea chakula, mkono mmoja nimeshika jembe nililokuwa nikilimia. Kamanda alifurahi kuniona. Alitikisa mkia, akaniwekea miguu miwili kifuani kana kwamba tumetoka tumbo moja. Mke wangu hawezi kumeza maji, na huyu anacheza.

Nilimpiga kwa mpini wa jembe. Mara moja tu, kwenye taya. Alilia kama mtoto, akaingia chini ya gari bovu lililokuwa hapo, mnyororo ukikwaruza chini.

Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Gichuki aliporudi nilimwambia mbwa amelala, na nilimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa.

Asubuhi ya siku ya nane, Jumapili, mdomo wa Kamanda ulikuwa wazi na taya inaning'inia. Ute mrefu ulimtoka. Alinusa ugali, akajaribu kuutafuna, ukamdondoka, akajiinamia. Gichuki alianguka magoti.

"Imeingia," alisema. "Mungu wangu, ugonjwa imeingia."

Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa manne tu: nimempiga mimi jana jioni. Lakini nilimwona Dorca mlangoni, nikakumbuka Wabwire alivyosema kwamba kumpiga mbwa ni kumpiga yeye, na ulimi ukawa mzito. Nilijidanganya pia. Nilijiambia huenda kweli ni ugonjwa, na kwamba wakimwua mbwa, Dorca atapata dawa, basi ubaya uko wapi? Gichuki aliwasha gari kumfuata Wabwire, nami nikamwacha aende.

Dorca hakulia. Aliingia ndani, akakunjua vitu vyake kitandani: leso mbili, blanketi, gauni la kanisani. Kisha akaniita.

"Baba Nelima, lete kalamu. Mimi sijui kuandika, na sitaki mtoto asikie haya kwa watu."

Niliketi mezani, nikaandika kama alivyotamka.

*Nelima mwanangu. Mama ameumwa na mbwa na huenda tusionane. Usimsumbue kukhu, nyanya yako, umtekee maji kabla ya shule. Leso ya bluu ni yako. Ile nyekundu mpe shangazi yako Nasipwondi. Usiache shule kwa ajili yangu.*

Alitazama nje.

*Baba yako ana hasira lakini hana moyo mbaya. Akija, umpikie.*

Nikaandika hata hayo. Nilikunja karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikailamba. Dorca aliichukua akaitia kifuani, akaanza kuosha vyombo kwa mkono mmoja ili nisikute vichafu. Niliona aibu, na bado sikusema.

Wabwire alifika na bunduki. Alimtazama Kamanda kwa mbali, akatikisa kichwa. Gichuki aligeuka akakabili ziwa, mikono masikioni.

"Nitaipiga, kichwa kiende Nairobi kupimwa," Wabwire alimwambia Dorca kwa upole. "Na wewe, mama, unapanda gari ya Bwana Gichuki sasa hivi. Tunaanza sindano leo. Ile habari ya miguu nilikuambia. Uombe Mungu."

Dorca aliitikia kwa kichwa. Kisha akainama, akajishika goti moja, halafu la pili, taratibu, kama mtu anayeaga.

Hapo ndipo uzalendo ulinishinda. "Usipige!" nilisema. "Taya nimeivunja mimi. Jana. Nilimpiga na jembe."

Wabwire alishusha bunduki, akanitazama kama kitu kilichookotwa ufukweni.

"Unasema ukweli, ama unataka kuokoa mbwa?"

"Sina haja na mbwa."

Alivaa glavu nene za ngozi, akachukua fito, akasukuma bakuli la maji mpaka mbele ya Kamanda. Tulingoja. Mbwa aliinuka kwa shida, akazamisha mdomo wote. Maji yakawa mekundu. Lakini koo lilipanda likashuka, likapanda likashuka, na Wabwire akahesabu mafunda kwa sauti mpaka sita. Kisha kitu cheupe kikadondoka ndani ya bakuli. Lilikuwa jino.

"Mwenye kichaa, koo inafungana, haimezi," alisema Wabwire polepole. "Huyu anameza. Lakini sasa taya haitusaidii tena, Baba Nelima. Umetuharibia alama. Tutangoja siku mbili zilizobaki, na kama nimekosea, mama atakuwa amechelewa siku mbili. Mimi siwezi kuamua. Yeye mwenyewe aamue."

Sote tulimgeukia Dorca. Alimtazama mbwa kwa muda mrefu. Mimi hakunitazama.

"Tungoje," alisema.

Siku mbili hizo ndizo zilizoninyoa. Dorca alipika uji mwepesi wa mchuzi wa samaki, akampelekea Kamanda yeye mwenyewe, akausogeza kwa fito. Mafua yake yaliisha Jumatatu, akanywa maji kikombe kizima mbele yetu, na Gichuki akapiga makofi. Mimi niliongea na Dorca, nikatengeneza mlango uliokuwa ukilia, nikanunua sukari. Hakunijibu hata kwa kikohozi. Alipika, akaweka sahani yangu mezani, akatoka kwenda kukaa na mbwa.

Jumanne Wabwire alikuja asubuhi na mapema. Kamanda, uso umevimba, alilamba bakuli mpaka likang'aa, akamtikisia mkia, akamlilia aongezwe. Gichuki alikata alama ya kumi, akalia bila kujificha. Wabwire aliandika kwenye daftari lake, akalifunga.

"Mama, enda upumzike," alisema. "Uko mzima. Na wewe Bwana Gichuki, kesho, si kesho ile yako, kesho ya kweli, leta hii mbwa ichanjwe."

Nilicheka kwa nguvu, nikaenda kuushika mkono wa Dorca. Aliuondoa. Alitoa ile bahasha kifuani, imechakaa kwa jasho, akampa Gichuki.

"Bwana Gichuki, wewe unajua kusoma. Nisomee. Nataka kusikia kama iliandikwa sawasawa."

Gichuki alisoma, kwa sauti yake ya dukani, mpaka pale pa leso nyekundu, mpaka pale pa kumpikia baba. Hapo sauti yake ilipungua.

"Imeandikwa vizuri?" Dorca aliuliza.

"Vizuri sana, mama. Herufi zimenyooka."

"Zimenyooka," alisema Dorca. Sasa alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Mimi nilikuwa najizika, na wewe unajua, na mkono wako haukutetemeka. Huyu mbwa aliniuma akitafuta samaki. Wewe ulikuwa unatafuta nini?"

 

Wabwire alijifanya anaangalia pikipiki. Gichuki aling'oa vigingi, akakunja hema, akaanza kupakia kwenye gari. Kamanda alipanda kiti cha mbele. Dorca aliikunja ile barua, akairudisha kifuani, akaenda mpaka dirishani pa gari.

"Bwana Gichuki, hilo hema utalitaka tena lini?"

"Jumamosi, mama. Lakini kama hutaki nirudi na mbwa..."

"Rudi naye. Ila hema liache mpaka hiyo Jumamosi. Iko mtu atalala huko."

Kisha akaingia ndani, na nikasikia komeo la ule mlango nilioutengeneza.

Gichuki alinitazama. Alishuka, akalishusha hema na mfuko wa vigingi, akanionyesha jinsi ya kupigilia kigingi cha kwanza.